Marehemu Temu, Mwenye Dhahabu ya Kwanza

Nilipofika Nyamache, milimani Kisii, nilikuta vijana wakifanya mazoezi ya mbio kando ya mashamba ya chai. Nikawauliza ni Mkenya gani wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Wote wakamtaja Kipchoge Keino. Nikasikitika, kwani mwenye haki hiyo ni marehemu Naftali Temu wa Nyamira, jirani yao.

Temu alizaliwa mwaka 1945. Mwaka 1966 huko Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke wa Australia, bingwa aliyeogopwa duniani, katika mbio za maili 6. Siku yake kubwa ilikuwa 13 Oktoba 1968, mbio za mita 10,000 mjini Mexico City, mji wenye hewa nyepesi, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Keino alishikwa na maumivu ya tumbo akatoka. Clarke alikuwa wa sita, akaanguka. Mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Uhabeshi alitangulia, lakini Temu hakufa moyo. Alimfukuza akampita karibu na utepe. Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Siku nne baadaye Gammoudi alishinda mita 5,000, Keino wa pili, Temu wa tatu.

Keino alipata dhahabu yake tarehe 20. Temu alifariki Machi 2003. Sifa za Keino hakuna azipunguzaye, lakini aliyetangulia ametangulia. Vijana wale niliwaeleza kabla hatujaagana.