Mtemi Mirambo na Askari Wake wa Miguu

Ndugu wenzangu mliokwisha kuondoka hapa, na nyinyi vijana mnaolala leo katika vitanda vyetu vya zamani, hakuna aliyesoma Tabora asiyelijua jina la Mirambo. Kambi ya jeshi ya mjini kwetu inaitwa kwa jina lake, na Dar es Salaam uko mtaa wenye jina hilo. Darasani tulifundishwa kwamba aliwapiga Waarabu. Tukayaandika hayo katika mtihani na tukapata maksi. Wengi wetu hatukuulizwa aliwapiga kwa jeshi la namna gani, wala jeshi hilo lilimgharimu nini. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi nikiwa katika kazi ya serikali, na leo nawaletea.

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo iliyo magharibi ya Tabora. Jina lake lilikuwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, na huelezwa kuwa maana yake ni maiti. Alirithi utemi wa baba yake mnamo mwaka 1858. Wakati huo njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa imechangamka sana. Kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi mitatu hivi, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga, bunduki na baruti zikapanda bara. Waarabu wa Unyanyembe, pamoja na Mtemi Mkasiwa aliyekuwa upande wao, walitaka njia hiyo iwe mikononi mwao. Watemi wa njiani walitaka hongo yao. Kijana wa Uyowa hakuwa na watu wengi wala mali nyingi ya kushindana nao.

Vita vya Kinyamwezi vya zamani vilikuwa vya wanavijiji. Mtemi alipiga ngoma, kila mwenye mkuki akaja, na mvua zilipokaribia kila mtu alikumbuka shamba lake akarudi. Jeshi la namna hiyo hulinda nyumbani vizuri, lakini haliendi mbali. Ndipo walipofika Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini, ambao vijana wao walikaa pamoja chini ya amri moja na kupigana kwa kukaribiana na adui. Mirambo aliujifunza utaratibu wao, kisha akauongeza jambo ambalo wao hawakuwa nalo kwa wingi, yaani bunduki.

Askari wake waliitwa rugaruga. Wengi walikuwa vijana wasiooa: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara yao. Walijipamba kwa manyoya na nguo nyekundu, na wakavuta bangi. Hawakuwa na ukoo wa kuwaita nyumbani wala mke wa kuwasubiri. Mtu aliyewalisha ndiye aliyekuwa baba yao. Mirambo aliwapenda vijana kwa sababu wana miguu myepesi na macho makali, nao watu wazima aliwaacha walinde vijiji. Mwenyewe alikwenda mbele yao vitani. Alipenda kutokea alfajiri mahali ambapo jana yake habari zilisema yuko mbali sana.

Gobore lilijazwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, risasi, kisha kushindiliwa kwa ufito. Kazi hiyo huchukua muda, na mtu anayeifanya ni kama hana silaha. Kwa hiyo mkuki haukuachwa nyumbani. Wakati huohuo mji wenye ukuta mnene wa udongo na uzio wa minyaa haukuogopa risasi za gobore. Ndiyo maana mwendo wa upesi ulikuwa na thamani kuliko bunduki zenyewe: mji uliokutwa umelala haukuhitaji kubomolewa.

Vijana wa leo wamesikia habari za askari wa miguu wanaokwenda vitani ndani ya magari ya deraya. Mashaka yao ni ya namna ileile. Gari la Kirusi la aina ya BMP lina watu 3 wa kuliendesha na kupiga mzinga, na nyuma pana nafasi ya askari 8 tu. Unapata mwendo na kinga ya risasi, lakini unapunguza idadi ya watu watakaoshuka chini kupigana, tena unafungwa kamba na lori la mafuta. Lori lisipofika, deraya ni chuma tu kilichokaa porini. (Katika Vita vya Kagera wengi wa askari wetu waliofika Kampala mwezi Aprili 1979 walikwenda kwa miguu.) Mafuta ya Mirambo yalikuwa baruti, na baruti ilitoka pwani.

Mwaka 1871 ugomvi uliiva. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora walitoka na jeshi kubwa, na mwandishi Stanley akiwa miongoni mwao, wakauteka mji wa Zimbizo. Kijana wao mmoja, Soud bin Sayd, akaenda na watu kiasi cha 500 hadi Ulyankulu. Waliuingia mji, wakakusanya pembe, majora ya nguo na mateka. Mirambo hakuwazuia. Aliwangoja katika nyasi ndefu kando ya njia ya kurudi. Watu waliokuja wepesi walirudi wamelemewa na mizigo, bunduki begani na pembe kichwani, na hapo ndipo alipowapiga. Soud aliuawa, na jeshi zima la Waarabu likavunjika likakimbia. Stanley naye alikimbia.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mtu shujaa kwa kweli, alitoka kumkabili na watu wachache. Rugaruga walirudi nyuma polepole, wakamvuta, kisha wakageuka ghafula. Watumwa wake walimkimbia, naye akafa pale. Sehemu ya mji iliteketezwa, na mamia ya ng'ombe wakachukuliwa. Lakini Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka hapo, Stanley alikuwa ametoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake, na rugaruga hawakulishambulia.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, na njia ya misafara ikawa haipitiki kwa amani. Hapo Mirambo alijikuta katika tatizo ambalo silaha hazikuweza kulimaliza. Kila msafara aliouzuia ulikuwa na baruti aliyoihitaji. Sultani Barghash wa Unguja na Waarabu wa Tabora walijitahidi isimfikie. Basi mtu yuleyule aliyechoma Tabora alianza kutafuta amani. Mwaka 1876 alikutana na Stanley wakachanjiana udugu, na Stanley akamfananisha na Napoleon. Alifanya urafiki na Tippu Tip. Mwaka 1879 alimpokea daktari wa misheni, Ebenezer Southon, akae Urambo. Alitaka Balozi wa Waingereza huko Unguja, John Kirk, amhesabu kuwa mtawala halali.

Rugaruga hawakuwa watu wa kukaa bure wakati bwana wao anapokea wageni. Hawakulipwa mshahara. Walikula nyara, na nyara hutafutwa kila mwaka mbali zaidi. Tusifiche pia kwamba mateka walikuwa sehemu ya nyara hizo, na vijiji vingi vya Wanyamwezi wenzao viliteketea. Mwezi Juni 1880 huko Mpimbwe, katika mashambulizi ya majeshi ya Mirambo na Simba, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa. Urafiki alioutengeneza kwa miaka minne uliharibika kwa siku moja.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Watemi aliowashinda alikuwa amewaacha katika viti vyao, au kumweka ndugu wa ukoo uleule aliyekubali kumtii, na wote waliogopa mtu mmoja. Mdogo wake Mpandashalo alirithi kiti lakini hakurithi woga ule. Nchi zilianza kujitenga, naye akauawa vitani mwaka 1890.

Mwezi uleule wa Desemba 1884 alifariki pia Nyungu ya Mawe, mtemi wa Ukimbu mwenye jicho moja. Yeye naye alikuwa na rugaruga, na kwa ukali hakumpungukia Mirambo. Lakini juu ya watemi aliowashinda aliweka watu wake mwenyewe, kila mmoja na eneo lake, wakusanye pembe na kuzipeleka kwake. Mimi, mtu wa mafaili, sioni ajabu kwamba wanahistoria wamemwandika kidogo kuliko mwenzake. Binti yake Mgalula aliirithi nchi nzima, akaitawala bila kuvunjika hadi Wajerumani walipoigawa mwaka 1895.

Kaburi la Mirambo liko Ikonongo, Urambo. Watakaokuja kukutana nasi, na wenye nafasi ya siku moja zaidi, waanze na tembe la Kwihara, ambalo sasa ni makumbusho, kisha waende huko.