Mcheza Kwao: Maisha ya James Siang'a

Methali ya Kiswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Ilizaliwa katika uwanja wa ngoma, ambapo mchezaji hupewa tuzo na jamaa wanaomjua kwa jina na kwa ukoo. Maisha ya James Siang'a, mlinda lango aliyegeuka kuwa kocha, yanaitia methali hiyo katika mizani. Takribani kila alipopata sifa, Siang'a alikuwa akicheza au kufunza mahali ambapo wengine wangesema si kwao.

Jina lake lilikua pamoja na jina la Gor Mahia, klabu ambayo makao yake yako Nairobi lakini mizizi yake imo katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, Wajaluo wengi waliifuata kwenda kutafuta kazi katika miji ya mbali. Huko ugenini waliunda chama cha kusaidiana, Luo Union, ambacho alama yake mojawapo hadi leo ni Ukumbi wa Kumbukumbu wa Ofafa mjini Kisumu. Soka nayo ilipata nafasi katika umoja huo. Mwaka wa 1968 timu za Luo Union na Luo Stars ziliungana, na timu mpya ikapewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Homa Bay. Ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka huohuo. Kwa mashabiki wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, timu hiyo ilikuwa mfano wa mtoto wa nyumbani aliyefanikiwa mjini.

Siang'a hakuwa mtoto wa nyumba hiyo. Alitoka Bungoma, katika jamii ya Waluhya, ambao tangu mwaka wa 1964 walikuwa na timu yao, Abaluhya. Pambano la timu hizi mbili ndilo lililokuja kuitwa dabi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya ni majirani waliooana kwa vizazi vingi. Utani wa mashemeji una upande wa mapenzi na upande wa ukali, na katika uwanja wa mpira pande zote mbili zilijitokeza.

Nafasi aliyocheza iliufanya mtihani wake kuwa mgumu zaidi. Mshambuliaji akikosa bao, huenda akalipata jingine kabla ya kipenga cha mwisho. Kosa la mlinda lango huandikwa papo hapo katika matokeo. Mluhya aliyelilinda lango la Gor Mahia alihitaji kuaminiwa maradufu: aaminiwe mikono yake, na uaminiwe moyo wake. Siang'a aliaminiwa kwa yote mawili, na mashabiki wa ziwani wakamhesabu miongoni mwa makipa bora waliopata kuivaa jezi ya kijani.

Mwaka wa 1972 Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizoandaliwa nchini Kameruni. Siang'a alikuwa miongoni mwa walinda lango wa kikosi hicho. Kenya ilishindwa na wenyeji kwa mabao 2 kwa 1, kisha ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Mali, na vivyo hivyo na Togo. Haikuvuka hatua ya makundi. Lakini thamani ya safari ile ilizidi kuonekana baadaye, kwa maana Kenya ilirejea katika fainali hizo mwaka wa 1988, miaka 16 baadaye.

Mnamo mwaka wa 1980 serikali ya Kenya iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe na timu ziache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC, nayo Luo Union ikawa Re-Union. Amri ilibadilisha mabango, lakini mabadiliko ya mioyo hayatokani na tangazo. Katika jambo hilo Siang'a alikuwa ameitangulia serikali: alikuwa amekwisha kuonyesha, kwa kazi ya kila Jumapili, kwamba timu ya watu fulani yaweza kulindwa na mtu wa watu wengine.

Alipotundika glavu, aligeukia ukocha. Aliwahi kuinoa Gor Mahia pamoja na timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars. Kisha akavuka mpaka kuingia Tanzania, akaifunza Taifa Stars na Simba ya Dar es Salaam. Huko hakuhitaji mkalimani. Kiswahili kilimtosha kuwa daraja.

Kilele cha ukocha wake kilikuwa mwaka wa 2003. Katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika, Simba ilipangiwa Zamalek ya Misri, mabingwa watetezi. Simba ilishinda bao 1 kwa bila nyumbani, ikafungwa idadi hiyohiyo jijini Cairo, na mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Siku ile mlinda lango wa zamani alikaa kwenye benchi, na matumaini yake yote yakawa katika mikono ya kipa kijana, Juma Kaseja. Kijana alipangua, Simba ikashinda, na mabingwa wakavuliwa taji kwao. Simba iliingia hatua ya makundi na kukutana na Enyimba ya Nigeria na Ismaily ya Misri, timu mbili ambazo ndizo zilizofika fainali mwaka huo.

Siang'a alifariki Bungoma mnamo Septemba 2016, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Aliombolezwa Kenya na Tanzania. Mashabiki wa Gor Mahia walimlilia kama mwenzao, na wapenzi wa Simba wakaukumbuka usiku wa Cairo. Methali basi haikukosea, ila neno kwao linahitaji kufasiriwa kwa upana. Kwao Siang'a kulikuwa kila penye milingoti mitatu na watu waliokubali kumkabidhi lango lao. Swali linalobaki ni kwa jamii zenyewe: je, ziko tayari kumtunza mchezaji wa namna hiyo angali hai, au zitaendelea kungoja tanzia ndipo zimwite mtu wa kwao?