Martin Luther Nyumbani Kwake

Wamisionari wa Berlin walipofika nchi ya Konde mwaka 1891, walikuja na mafundisho ya Martin Luther. Nasi tulipokuwa wanafunzi tuliisoma Katekisimo yake Ndogo ya mwaka 1529 mpaka tukaijua kwa moyo. Kwa hiyo wengi wetu twamdhania kuwa mtu wa vitabu na mashindano tu, asiyecheka. Lakini nyumbani kwake sivyo alivyokuwa. Katika jubilei hii twapenda kumkumbuka kama mume na baba.

Alizaliwa Eisleben, katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Wazazi wake walimlea kwa ukali. Hata katika utu uzima alikumbuka jinsi mama yake alivyompiga mpaka damu ikamtoka, kwa ajili ya kokwa moja tu. Mwaka 1505 akaingia utawani, na baba yake, mzee Hans, akakasirika sana, maana alitaka mwanawe awe mwanasheria.

Tarehe 13 Juni 1525 alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa naye, akatoroka nyumba ya watawa mwaka 1523. Wakakaa Wittenberg katika monasteri ya zamani, wakajaliwa watoto 6. Katharina alipika pombe, alifuga ng'ombe na nguruwe, alilima bustani, akawalisha wanafunzi na yatima waliojaa humo. Mumewe hakuona haya kuisifu kazi yake. Kwa mzaha alimwita bwana wake, na katika barua alimpa vyeo virefu, hata cheo cha bibi wa soko la nguruwe. Baada ya chakula alitwaa kinanda chake cha nyuzi, wakaimba wote pamoja. Alifundisha pia ya kuwa baba afuaye nguo za mtoto mchanga, watu wakimcheka, Mungu humfurahia.

Mwaka 1530 alikuwa katika ngome ya Coburg, mbali na mkewe. Mwezi wa Juni ikamfikia habari ya kufa kwa baba yake. Akatwaa Zaburi, akaingia chumbani, akalia. Majuma mawili baadaye alimwandikia barua mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 4, aitwaye Hans kama babu yake. Akamsimulia habari za bustani nzuri, ambamo watoto wapendao kusali na kujifunza huchuma matunda, hupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu, na kucheza ngoma. Machozi ya baba yake yalikuwa hayajakauka, naye akamchekesha mwana. Watoto wake aliwarudi, lakini alishauri ya kuwa penye fimbo pawepo na tofaa pia.

Hatusemi alikuwa mtu asiye na kosa. Ulimi uliowafurahisha wa nyumbani uliwaumiza wengine. Mwaka 1543 aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, nayo yalileta madhara makubwa. Wala kicheko hakikumwondolea msiba. Tarehe 20 Septemba 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alikufa mikononi mwake, naye akalia bila kujificha. Hata hivyo hakuacha mzaha. Mwezi wa Februari 1546, akiwa safarini Eisleben, alimtania Katharina kwa barua kwa sababu ya wasiwasi wake mwingi. Siku chache baadaye, tarehe 18, akafariki.

Wazee wetu Wanyakyusa waliuhesabu ukwangala kuwa jambo kubwa, yaani watu wa rika moja kula pamoja na kuzungumza kwa furaha. Mvulana alipopata miaka 10 hivi aliondoka kwa baba yake, akaenda kulala katika kijiji cha rika lake. Desturi ile ilikuwa na uzuri wake, lakini furaha ya baba iliwaendea wenzake zaidi kuliko mkewe na wanawe. Luther aliweka ukwangala mezani kwake mwenyewe. Katekisimo ile aliiandika ili baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Basi sisi akina baba tunaoishika mkononi, tujiulize kama watoto wetu hunyamaza kwa hofu wasikiapo hatua zetu mlangoni, au hutoka mbio kutulaki.