Askofu Steere na Vitabu vya Watoto

Anapotajwa Askofu Edward Steere, Wakristo wengi hukumbuka Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mimi niliyefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi humkumbuka zaidi kwa vitabu vyake vya hadithi.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akaiacha akawa kasisi, akapewa parokia ya Little Steeping katika jimbo la Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, Steere alifuatana naye. Walianzia upande wa mto Zambezi, ambako homa ilikwisha kuua wamisionari kadhaa, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Hapo Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye waliletwa wengine, wavulana kwa wasichana. Hebu tuwafikirie watoto hao. Walinyang'anywa wazazi, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa kama mizigo. Wengi hawakujua Kiswahili, maana walitoka bara. Sasa waliketi darasani, na mwalimu wao hakuwa na kitabu cha kuwapa.

Kiswahili kilikuwa kikiandikwa zamani sana kwa herufi za Kiarabu, wala Steere hakudai kuwaletea Waswahili elimu ya kuandika. Lakini vitabu vya darasa lake havikuwapo, basi alianza kuvitengeneza. Alijifunza lugha kwa kuwasikiliza wenyeji wa mji, akaweka mtambo wa kupiga chapa, na wavulana wale wale wakafundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Mwanafunzi wa namna hiyo husoma neno mara mbili: kwanza kwa vidole, tena kwa macho. Sijaona mbinu ya kusomesha iliyo bora kuliko hiyo!

Tungetazamia misheni ichape sala na katekisimo tu. Nazo zilichapwa. Lakini mwaka 1867 kilitoka kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza, chenye visa vinne vya Shakespeare jinsi Charles Lamb na dada yake Mary walivyovisimulia kwa watoto wa Uingereza. Humo mna mfalme mzee aliyegawa ufalme wake kwa binti zake akajuta, na mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Mtoto aliyepata kuuzwa kwa fedha, sidhani alihitaji kuelezwa maana ya kisa hicho.

Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu kikubwa cha hadithi za Waunguja wenyewe, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndimo alimo Sultani Darai, na maskini aliyekuwa akichakura jaani akaokota fedha kidogo, akanunua paa, na paa huyo akamtajirisha. Naona ni haki kusema kwamba sifa ya kitabu hicho ni ya wasimulizi kwanza. Steere aliketi akasikiliza, akaandika walivyosema.

Mwaka 1874 aliwekwa kuwa askofu. Aliendelea kutafsiri Agano Jipya huku akisimamia ujenzi wa kanisa, ambalo jiwe lake la msingi lilikwisha kuwekwa siku ya Krismasi, 1873. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza.

Nimeona shule ambamo vitabu vya hadithi vilifungiwa kabatini visichafuke, na watoto wakasoma ubaoni tu. Nilipokuwa nikiomba ufunguo, nilimkumbuka askofu huyu, ambaye vitabu vyake vilianza kushikwa na watoto kabla hata ya wino kukauka.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya Mkunazini. Miaka minane baadaye, katika mji ule ule, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni mwake na kusomeshwa na misheni hiyo, alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata.