Dakta Ward na Chupa Yake

Wengi wenu mnaijua chupa yangu. Ni ile iliyokaa dirishani mwa bweni letu muhula uliopita, yenye udongo kidogo, kangaga moja na majani mengine ya porini, nayo imefungwa kifuniko. Baadhi yenu mlinicheka mkasema kwamba nafuga matope. Sikukasirika, maana hata mimi mwenyewe nilipoanza sikuwa na hakika kama sifugi matope. Sasa Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, nami nimeona heri niandike habari za yule aliyeifahamisha dunia kazi ya chupa ya namna hii, ili wanaocheka wacheke wakijua wanachokicheka.

Jina lake lilikuwa Nathaniel Bagshaw Ward. Alizaliwa mjini London mwaka wa 1791, baba yake akiwa daktari. Alipokuwa na umri wa miaka 13, yaani mdogo kuliko walio wengi katika kidato cha kwanza, alipelekwa baharini akafika kisiwa cha Jamaica. Huko aliona makangaga na miti ya nchi za joto ikimea kwa wingi asioudhania. Ubaharia haukumkaa moyoni, bali mimea ilimkaa. Akarudi kwao, akajifunza uganga, na baadaye akafanya kazi ya udaktari mahali pale pale alipofanya baba yake, katika mtaa wa Wellclose Square, upande wa mashariki ya London karibu na bandari.

Mtaa huo haukuwa mahali pa kupenda mimea. Viwanda vilikuwa pande zote, na kila nyumba iliwasha makaa ya mawe, hata masizi yakatanda juu ya kila kitu. Lakini Dakta Ward alikuwa na tamaa moja tangu ujana wake: kuwa na ukuta wa zamani uliofunikwa na makangaga na ile mimea midogo iotayo kama zulia juu ya mawe yenye unyevu. Basi akapanga mawe uani nyuma ya nyumba yake, akaweka juu yake bomba lenye matundu ili maji yadondoke mchana na usiku, akaenda msituni nje ya mji akaleta mimea akaipanda. Mimea ikafa. Akaleta mingine, nayo ikafa. Maji hayakupungua wala udongo haukuwa mbaya. Kilichoua ni moshi. Mwisho akakata tamaa.

Nilipoisoma habari hii nilicheka kidogo, kwa sababu sisi tuliozaliwa Usambara Mashariki, jirani na Amani, ukuta wa namna hiyo tunaupita kila siku tukienda kuteka maji, wala hakuna aliyeweka bomba. Tena ni katika milima ya Usambara lilikoonekana lile ua dogo ambalo Wazungu huliita urujuani wa Afrika. Lilipewa jina la kitaalamu mwaka wa 1893, na leo limo katika vyungu na vyombo vya kioo nyumbani kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kitu ambacho mbuzi wetu hukikanyaga, mwingine hukitia katika kioo.

Sasa nirudi kwa Dakta Ward. Mwaka wa 1829 alitaka kumwona nondo mkubwa akitoka katika pupa. Akachukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akatia udongo wenye unyevu, akamfukia pupa humo, akafunika. Kila siku akawa anaitazama. Akaona kwamba mchana, jua linapopanda, unyevu hutoka katika udongo kama mvuke, hugeuka matone juu ya kioo, kisha matone yale huteremka tena udongoni. Kwa hiyo udongo haukukauka kamwe. Kisha, yapata wiki moja kabla ya nondo kutoka, akaona vitu viwili vya kijani vikichipua juu ya udongo: kangaga changa na jani la nyasi.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Mwingine angelimtazama nondo wake akafurahi, kisha akaiosha chupa. Yeye aliuliza kwa nini kangaga, ambalo kwa miaka mingi lilikataa kuishi uani kwake, limeota lenyewe katika chupa yenye udongo wa kuokota. Akafikiri akaona kwamba mahitaji yake yote yamo ndani: unyevu, mwanga, joto, na hewa isiyo na masizi. Akaiweka chupa nje ya dirisha la chumba chake, upande wa kaskazini ambako kwao jua haliunguzi. Mimea ile miwili iliishi karibu miaka minne bila kutiwa tone la maji. Nyasi zilitoa maua mara moja, na kangaga lilitoa majani mapya matatu au manne kila mwaka. Mwisho ilikufa Dakta Ward akiwa safarini, maana kifuniko kilikula kutu na mvua ikaingia ndani.

Habari ya kifuniko naijua vizuri. Chupa yangu ya kwanza niliiweka juani kwa wema, nikidhani mmea hauwezi kushiba mwanga. Kwa siku tatu za jua kali ndani yake pakawa kama chungu kilicho jikoni, kangaga likaiva. Ya pili nikaiweka kivulini, ikastawi kweli, nami nikaenda likizo na moyo wa furaha. Niliporudi nilikuta mtu amekifungua kifuniko, labda kwa kuihurumia mimea akidhani inakosa pumzi, na udongo umekauka kama tofali. Sitaki kujua ni nani. Lakini imani hiyo ya kukosa pumzi wanayo wengi, na yafaa niieleze. Mmea unapopata mwanga hutwaa hewa ya kaboni na kutoa oksijeni; nao, pamoja na vijidudu vya udongoni, hutumia oksijeni na kurudisha hewa ya kaboni. Ikiwa mwanga unatosha, hesabu husawazika. Tena kifuniko cha kawaida hakizibi kabisa. Hewa kidogo hupita, maji ndiyo hubaki.

Haki ni kusema kwamba Mskoti mmoja, jina lake Maconochie, alikuwa amekwisha kuotesha mimea katika kioo miaka michache kabla ya Ward. Lakini hakuitangaza kazi yake. Ward aliitangaza, tena aliijaribu kwa jaribio kubwa kuliko yote niliyowahi kusoma.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1833 alitengeneza makasha mawili ya mbao na vioo, akayajaza makangaga na nyasi, akampa Nahodha Charles Mallard wa merikebu iitwayo Derby, iliyokuwa ikienda Australia. Siku hizo mimea iliyosafirishwa juu ya sitaha ilikufa karibu yote kwa chumvi, upepo na kukosa maji ya kunywa, ambayo mabaharia wenyewe hawakuwa nayo ya kutosha. Makasha ya Ward yalifika, na mimea ilikuwa hai isipokuwa makangaga mawili matatu yaliyofifia. Kisha yakajazwa mimea ya Australia ili yarudi. Walipoondoka Sydney mwezi wa Februari 1834 joto lilikuwa nyuzi 32 hadi 38. Walipozunguka ncha ya Amerika ya Kusini baridi ilishuka nyuzi 7 chini ya sifuri, na theluji ikalala juu ya sitaha kiasi cha futi moja. Walipofika Rio de Janeiro joto lilipanda tena mpaka nyuzi 38. Safari ilichukua miezi minane, wala hakuna aliyemwagilia. Dakta Ward alipopanda merikebuni pamoja na rafiki yake George Loddiges, muuza mimea mashuhuri, alikuta makangaga yamestawi, na tena mbegu zilizokuwamo udongoni zilikuwa zimeota njiani.

Basi kazi ikaanza. Makasha ya Ward yakapakiwa katika merikebu za kila bahari. Hapa sharti niandike kwa uangalifu, maana jambo hili limenisumbua. Kati ya miaka ya 1848 na 1851 Robert Fortune, akitumwa na kampuni ya Kiingereza iliyotawala India, aliingia ndani ya China akiwa amevaa mavazi ya Kichina, akachukua mbegu na miche ya chai kwa maelfu, akaipeleka India. Mbegu alizipanda katika udongo wa makasha yale yale, zikaota baharini. Mwaka wa 1876 Henry Wickham alitoa mbegu za mpira zipatazo 70,000 katika Brazil. Zilizoota London zilipelekwa Ceylon katika makasha ya Ward, na miaka michache baada ya 1910 biashara ya mpira ya Brazil ilianguka. Kadhalika mti wa kwinini ulitolewa Amerika ya Kusini ukapelekwa India na Java. Mti huo ulipandwa hata Amani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitengeneza kwinini pale pale.

Mama yangu huchuma chai. Sisemi kwamba chai aichumayo ni kizazi cha miche ya Fortune, kwa kuwa chai ya kwetu iliyo nyingi ni ya namna ya Assam. Lakini desturi ya kutwaa mmea katika nchi moja, kuupanda katika nchi nyingine, na kuwaweka watu wengi waufanyie kazi kwa ujira mdogo, ilipata nguvu kwa kasha la yule daktari aliyetaka makangaga ukutani. Je, yeye alaumiwe? Nimefikiri sana usiku bwenini. Naona hakuiba kitu, wala hakudai fedha kwa uvumbuzi wake. Kila aliyetaka alionyeshwa. Mawazo yake yalikuwa kwa maskini wa London wakaao katika moshi, wapate kijani kidogo dirishani, na alitumaini kwamba hewa safi ya kioo itasaidia hata wagonjwa wa kifua. Lakini kwinini iliyoniponya nilipokuwa mdogo, na ada ya shule iliyotoka katika kikapu cha chai, vyote vina harufu ya kasha lile. Sijui kumlaumu wala kumsifu kwa hayo.

Mwaka wa 1842 alitoa kitabu juu ya kukuza mimea katika makasha ya kioo yaliyofungwa. Miaka mitatu baadaye kodi ya vioo iliondolewa Uingereza, vioo vikawa rahisi, na watu wakashikwa na wazimu wa makangaga hata sebule zao zikajaa. Maskini hawakununua sana.

Dakta Ward alipenda vilevile vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka wa 1839 watu 17 walikutana nyumbani kwake, na katika mkutano huo chama cha watumiaji wa hadubini kilianzishwa. Hapo ndipo matope yangu yanapopata heshima. Chupa yangu ya tatu ilianza kupata utando juu ya kioo, kijani upande mmoja, na upande wa chini rangi ya kijani yenye kuelekea buluu. Nilitaka kuufuta. Mwalimu wetu wa Biolojia akanizuia, akaniwekea kidogo chini ya hadubini. Utando wa kwanza ni mwani, viduara vya kijani vilivyosongamana. Wa pili ulikuwa nyuzi zilizoungwa kama shanga. Hao ni siyanobakteria. Zamani waliitwa mwani, lakini ni bakteria wanaotumia mwanga kama majani yatumiavyo. Jamaa zao ndio walioanza kuitia hewa ya dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Baadhi yao huweza kutwaa naitrojeni hewani na kurutubisha udongo, hata wakulima wa mpunga wa Asia huwapenda.

Mwaka wa 1852 Ward alichaguliwa katika Royal Society, heshima kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Mmea mmoja wa Afrika ya Kusini, wa jamii ya ile iotayo juu ya mawe mitoni, uliitwa Wardia kwa ajili yake. Baada ya kuacha kazi alihamia Clapham, ambako alipata bustani yenye hewa nzuri kuliko uani kwake pa zamani. Alifariki tarehe 4 Juni 1868, akazikwa Norwood, kusini ya London, katika kaburi lisilo na alama.

Chupa yangu ya tatu sasa ina miezi mitano. Upande wa dirisha kioo kimekuwa kijani kibichi, na nimefuta nafasi ya vidole viwili tu ili kangaga lionekane. Atakaye kuitazama aje baada ya masomo ya jioni, ila asiguse kifuniko.