Siti binti Saad: Ni Nini Kilichomfanya Kuwa Msanii?

Ukikaa Tassia umezoea sauti za wachuuzi. Asubuhi kuna mama anayenadi mboga kutoka ploti hadi ploti, nawe uliye ghorofa ya tano humtambua kwa sauti kabla hujamwona. Kabla ya kusoma wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, anzia hapo. Siti binti Saad naye alianza kwa kunadi.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakusoma shule. Alijifunza ufinyanzi nyumbani, kisha akawa anabeba vyungu kwenda kuviuza, akiwaita wateja kwa sauti iliyofika mbali. Hiyo ndiyo athari ya kwanza: kazi ya mikono ilimpa pumzi na koo.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin alitambua kipawa chake, akamfundisha uimbaji. Hii ni athari ya pili: mwalimu. Kumbuka kwamba taarab ya wakati huo ilikuwa burudani ya kasri na ya wanaume, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke maskini wa shamba hakutarajiwa hata kuisogelea.

Siti hakuishia kuiga. Aliichukua taarab hiyo akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya vibarua na wapishi. Alipata athari ya tatu kutoka kwa jamii yenyewe. Yaliyowasibu majirani zake yaligeuka nyimbo. Wimbo wake kuhusu Kijiti, kwa mfano, ulisimulia mauaji ya mwanamke na jinsi mahakama ilivyokosa kutenda haki. Wapo waliomdhihaki kwa asili yake na sura yake. Naye akawajibu kwa kuimba. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Zilinunuliwa pwani nzima ya Afrika Mashariki na bara pia. Mtumwa wa Fumba sasa aliitwa Siti, jina la heshima linalomaanisha bibi mtukufu.

Alifariki mwaka 1950, lakini athari haikufa naye. Shaaban Robert, aliyekutana naye katika siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake, ukachapishwa mwaka 1958. Bi Kidude, aliyeimba hadi uzeeni, alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti. Mfinyanzi mmoja aliamsha mwandishi na mwimbaji.

Mtahiniwa, hapa ndipo wengi hupoteza alama. Nimesahihisha insha nyingi zinazodai kwamba Siti alifaulu kwa sababu alizaliwa na kipawa, kisha zinakoma hapo. Kipawa peke yake kingebaki barabarani pamoja na vyungu. Taja kazi, mwalimu na jamii, kisha uonyeshe alichoongeza yeye mwenyewe, yaani lugha na ujasiri. Kila hoja iandamane na tukio kutoka maishani mwake.

Nawe unayeandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu na kulificha mwalimu anapopita, usidhani sanaa ni ya watu wa mitaa mingine. Sikiliza ploti yako. Mtafute mtu mmoja anayejua zaidi yako, umwonyeshe daftari hilo.

Zoezi
1. Fafanua athari tatu zilizomwezesha Siti binti Saad kuwa msanii. (alama 6)
2. Je, msanii huzaliwa au hulelewa? Jadili kwa kurejelea maisha ya Siti. (alama 14)