Maria Sibylla Merian

Maria Sibylla Merian alizaliwa mwaka 1647 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Baba yake wa kambo, mchoraji wa maua, ndiye aliyemfundisha kuchora. Siku zile watu wengi walidhani ya kuwa wadudu huzaliwa na matope. Maria hakutosheka na maneno hayo; alifuga viwavi, akawalisha majani, akawaangalia hata wakawa vipepeo, akawachora kwa rangi za maji. Mwaka 1699, alipokuwa akikaa Amsterdam, aliuza picha zake apate nauli, akasafiri na binti yake mpaka Suriname. Huko alishikwa na homa kali, na mwaka 1701 ikambidi kurudi. Lakini kazi yake haikupotea: mwaka 1705 alitoa kitabu kikubwa, kiwavi na kipepeo wake wakionekana pamoja juu ya mmea mmoja. Alifariki Amsterdam mwaka 1717.